Mizani imegoma, na binti yangu ameniona nikiidanganya

Hujambo mshauri?

Mimi ni mama wa watoto wawili, nina miaka 39, naishi Donholm na nauza vitambaa vya pazia katika duka moja mjini. Nakuandikia usiku watoto wakiwa wamelala, kwa kuwa jambo hili naona haya kumweleza mtu anayenijua.

Novemba nilipimwa sukari kliniki. Kile kipimo cha miezi mitatu kikasoma 6.1. Daktari akasema kisukari bado, ila niko njiapanda, na nikipunguza mwili huenda nikarudi salama. Mshauri, mama yangu alifariki kwa kisukari baada ya kukatwa mguu. Nilitoka kliniki nikaketi kwenye steji, matatu tatu zikajaa zikaondoka nikiwa bado nimekaa palepale.

Kwa hivyo Januari, wanawake wa chama chetu waliposema tufanye mashindano ya kupunguza uzani, mimi ndiye niliyetoa pesa kwanza. Tuko tisa. Kila mtu alitoa Sh3,000, na baada ya wiki 12 atakayekuwa amepunguza kilo nyingi zaidi atabeba zote Sh27,000. Kila Jumamosi asubuhi unapanda mizani, unapiga picha ya namba na kuituma kwenye kundi la WhatsApp kabla ya saa tatu.

Nilianza na kilo 88. Niliacha ugali, chapati, mkate, viazi na sukari ya chai siku moja. Nikabaki na mboga, mayai, samaki na nyama. Wiki ya kwanza mizani ikasoma 85.2. Nililia kwa furaha! Nikapiga hesabu nikaona kwa mwendo ule kufikia Aprili nitakuwa nimetoa zaidi ya kilo 30. Wiki ya pili 84.1. Ya tatu 83.3. Ya nne 82.9. Ya tano, 82.9 ileile. Nikadhani nimezembea, nikaanza kuruka kamba na kuchuchumaa pamoja na jirani yangu kila alfajiri kwenye paa la ploti yetu, mpaka kushuka ngazi ikawa taabu. Wiki ya sita mizani ikapanda: 83.4. Jasho lote hilo na njaa yote hiyo, halafu naongezeka?

Wifi yangu, ambaye ndiye mweka hazina wa chama, alianza na kilo 104 na sasa ana 93.5. Yeye hula mara moja tu, jioni, na anakunywa chai fulani ya kupunguza mwili pamoja na vidonge viwili anavyouziwa na rafiki yake, vimefungwa kwa karatasi isiyo na maandishi. Amesema ataniletea kwa Sh1,500. Nilipochelewa kutuma picha aliandika kwenye kundi kwamba kuna watu wanaofungua sufuria usiku. Hakutaja jina, lakini wote walijua.

Basi Jumamosi ile ya 83.4, nilishika ukingo wa sinki kwa mkono wa kushoto, nikaegemea kidogo, namba ikashuka hadi 80.9, nikapiga picha kwa mkono wa kulia. Wakanipigia makofi kwenye kundi. Jumamosi iliyopita ukweli ulikuwa 83.0, nikashika sinki tena, nikatuma 80.6. Nilipogeuka, binti yangu wa miaka 11 alikuwa mlangoni na mswaki wake. Hakusema neno. Jumatatu jioni nilipita pale bafuni nikamkuta juu ya mizani, ameshika sinki. Na usiku huo alisema hana njaa.

Mume wangu hana neno na mimi. Ijumaa jioni hutuletea nyama choma, nami hula nyama na kachumbari, ugali nawaachia wao. Ruracio, yaani sherehe ya mahari, ya mdogo wangu ni mwezi wa Aprili, na fundi nilimwambia apunguze inchi tatu kwenye vipimo vya Januari nikijua nitafika. Sketi yangu ya kazini inazunguka kiunoni nimeifunga pini, lakini hiyo inasaidia nini mizani ikikataa?

Nauliza: mwili wangu umeharibika? Nikubali hiyo chai? Nijitoe kwenye mashindano? Na mtoto nimwambie nini?

Mimi niliyekwama,
Donholm, Nairobi

Mshauri anajibu

Dada yangu wa Donholm, barua yako nimeisoma mara tatu, na kila mara nasimama mahali pamoja: kwenye sinki. Mkono mmoja ukingoni, mkono mwingine na simu, na mtoto mlangoni. Pole sana. Nataka tuizungumze asubuhi hiyo, lakini tukianza nayo hutanisikia, maana akili yako yote iko kwenye namba. Basi tuanze na namba.

Nikikuelewa vizuri, unasema hivi: nilianza kwa kasi, kasi ikapungua, ikasimama, nikaongeza mazoezi na uzani ukapanda, kwa hiyo kuna kitu kimeharibika, ama mwilini mwangu ama katika bidii yangu. Mawazo hayo yote yamesimama juu ya jambo moja: kwamba wiki ya kwanza ndiyo iliyokuwa ya kweli, na hizi nyingine ndizo zenye kasoro. Mimi naona wiki ya kwanza ndiyo iliyokuhadaa.

Ini na misuli huweka akiba ya sukari inayotokana na ugali, chapati na viazi. Kwa mtu mzima akiba hiyo hufika karibu nusu kilo, na kila gramu yake hukaa na takriban gramu tatu za maji. Ulipoacha wanga wote siku moja, mwili ulitumia akiba hiyo kwanza, na maji yake yakatoka kwa mkojo. Huenda unakumbuka ulivyokuwa ukienda haja ndogo wiki ile. Tumbo nalo lilikuwa limebeba chakula kidogo kuliko kawaida. Kwa hiyo katika zile kilo 2.8, sehemu kubwa ilikuwa maji. Haimaanishi hukufanya kitu. Inamaanisha mafuta hayatoki kwa mwendo huo, na ukiyadai yatoke hivyo utajiona umeshindwa kila wiki.

Kilo moja ya mafuta ya mwilini ina takriban kalori 7,700. Ili kuondoa nusu kilo kwa wiki, mtu anahitaji kula pungufu kwa kalori kama 550 kila siku, siku saba mfululizo, na hiyo ni kazi halisi. Ndiyo sababu watu wa lishe husema nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki ni mwendo mzuri. Sasa nenda ukanunue chupa ya maji ya nusu lita, zile zinazouzwa kwenye steji. Panda mizani usome, kunywa chupa nzima, panda tena. Umeongezeka nusu kilo kabla hujafuta midomo. Hujanenepa hata chembe, lakini ile nusu kilo ya maji ina uzani uleule wa mafuta ya wiki nzima ya kujinyima. Maji yakiingia upande mmoja na mafuta yakitoka upande mwingine, mizani itakuambia hakuna kilichotokea.

Na wewe, dada, umenitajia mahali maji hayo yanakoweza kutoka bila wewe mwenyewe kuyaona. Unapimwa Jumamosi asubuhi. Ijumaa jioni unakula nyama choma. Nyama choma ya Nairobi unaijua inavyochovywa kwenye chumvi, na kachumbari nayo ina yake. Chumvi hushika maji mwilini siku moja au mbili. Yaani umechagua asubuhi moja katika wiki nzima ambayo ni lazima ikuonyeshe namba mbaya, kisha ukaifanya hakimu wako. Halafu kuna yale mazoezi ya paani. Misuli isiyozoea ikifanyishwa kazi hadi ikauma, huvimba kidogo na kushika maji inapojitengeneza. Hayo maumivu ya kushuka ngazi na ile nusu kilo ya wiki ya sita yanaweza kuwa kitu kimoja. Na kuna swali ambalo ni wewe tu unayeweza kulijibu: siku zako za mwezi ziliangukia wapi? Wanawake wengi hubeba maji ya ziada kuelekea hedhi na inapoanza, wengine nusu kilo, wengine hata kilo mbili, kisha yanaondoka yenyewe. Namba ya wiki ya sita ungeilinganisha na ya wiki ya pili, siku ileile ya mwezi wako, badala ya kuilinganisha na ya wiki ya tano. Ukifanya hivyo, 84.1 imekuwa 83.4. Haijasimama.

Sitaki kukuficha upande wa pili, kwa sababu si kila kitu ni maji. Kupungua kwa kweli nako hupunguza mwendo, hata kwa mtu asiyekosea. Mwili wa kilo 83 unatumia chakula kidogo kuliko mwili wa kilo 88, kama vile gari jepesi linavyokunywa petroli kidogo. Tena mtu aliye na njaa hutulia bila kujua: anakaa mahali ambapo angesimama, anapanda boda ambako angetembea. Mafuta yenyewe hutoa homoni iitwayo leptini, iliyogunduliwa mwaka 1994, inayoiambia akili kwamba akiba ipo. Mafuta yakipungua, leptini hushuka na njaa hupanda. Mwili wako haujaharibika. Unafanya kazi uliyofunzwa na vizazi vya ukame, kukulinda usife njaa, na haujui kwamba safari hii umejinyima kwa hiari.

Hesabu yako ya kilo 30 kufikia Aprili si yako peke yako. Mwaka 1958 daktari Mmarekani, Max Wishnofsky, aliandika kwamba ratili moja ya uzani ni sawa na kalori 3,500, na tangu hapo watu wakaichukua na kuizidisha kwa wiki na miezi kana kwamba mwili ni daftari la duka. Baadaye watafiti kama Kevin Hall wa Marekani walionyesha kwamba mstari haunyooki hivyo: mtu akipunguza chakula kwa kiasi kilekile kila siku, uzani hushuka upesi mwanzoni, kisha polepole zaidi na zaidi, na hata nusu ya mabadiliko huchukua kama mwaka mmoja. Mwaka mmoja, dada. Mashindano yenu ni ya wiki 12.

Kuna na jambo dogo la jikoni, nalo nakuuliza kwa upole kwa sababu wifi yako ameshalisema kwa ukali. Sidhani unafungua sufuria usiku. Lakini mafuta ya kukaangia sukuma wiki unayapima kwa kijiko au unamimina kutoka kwenye chupa? Kijiko kikubwa kimoja kina kalori karibu 120, na mkono uliochoka saa mbili usiku humimina viwili au vitatu. Wiki ya kwanza mtu hupima kila kitu. Wiki ya sita macho yamezoea. Wengi wetu hula kuliko tunavyokumbuka, bila nia ya kumdanganya yeyote. Ukitaka kujua, pima siku tatu tu, kisha uache.

Kwa hiyo ni maji, au ni mwendo uliopungua, au ni vyote viwili? Kutoka hapa nilipo siwezi kukuapia. Lakini umeandika sentensi moja ukaitupa kando: sketi ya kazini inazunguka, umeifunga pini. Dada yangu, maji hayalegezi kiuno kwa wiki kadhaa. Uliniuliza hiyo inasaidia nini mizani ikikataa. Mimi nakuuliza, kwa nini mizani ndiyo iaminiwe na si pini?

Sasa chai na vidonge. Naelewa kishawishi, maana wifi yako ametoa kilo 10.5 na wewe tano. Kumbuka kwanza alianza na 104. Mwili mkubwa hutumia nguvu nyingi hata ukilala, kwa hiyo hupungua haraka mwanzoni. Katika mia, yeye ametoa kama 10 na wewe karibu 6, na pengo hilo si kubwa kama linavyoonekana kwenye WhatsApp. Mashindano ya kuhesabu kilo tupu humpendelea aliyeanza na nyingi. Chai nyingi za aina hiyo huwa na sanamaki, ile ambayo bibi zetu wa Pwani waliitumia kulainisha choo. Inakimbiza maji na kinyesi, namba inashuka, mafuta yanabaki yalipokuwa, na ukiinywa mfululizo unaweza kupoteza chumvi ambazo moyo unazihitaji. Vidonge visivyo na maandishi vinanitisha zaidi. Kuna dawa iitwayo sibutramini iliyoondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya mshtuko wa moyo na kiharusi, na tangu hapo imekutwa mara nyingi imefichwa ndani ya bidhaa za kupunguza mwili zinazouzwa kama mitishamba. Sisemi ndiyo iliyo kwenye ile karatasi. Nasema wewe na wifi yako hamna njia ya kujua.

Kula mara moja kwa siku kuna watu wanaokumudu. Ila wewe tayari umekata vingi, na kukata zaidi kunakuja na gharama: kupungua kwa kasi kubwa huongeza uwezekano wa kupata vijiwe kwenye nyongo, na misuli huliwa pamoja na mafuta. Kati ya 1944 na 1945 katika Chuo Kikuu cha Minnesota, mtafiti Ancel Keys aliwalisha vijana wa kiume 36 nusu ya chakula chao kwa miezi sita ili kujua jinsi ya kuwasaidia watu walionusurika njaa ya vita. Walipungua karibu robo ya uzani wao, kwa kasi mwanzoni na polepole sana mwishoni. Miguu ikawavimba maji. Waliota chakula, wakakizungumza mchana kutwa, wakawa wepesi wa hasira. Walikuwa vijana wenye afya waliojitolea. Nakutajia hao kwa sababu umenieleza kuhusu njaa yako kwa neno moja tu, ukapita upesi. Uko vipi na watoto jioni? Unalala?

Njia nyingine ambayo hukuiuliza ni kupumzika. Kuna wanaorudisha ugali kidogo, ukubwa wa ngumi yao, kwa wiki mbili, wasipungue wala kuongezeka, kisha waendelee. Hatari yake ni kwamba siku ya kwanza tu mizani itapanda kilo moja au zaidi, kwa maji yale yale ya Januari kurudi nyumbani kwake, na kwa mwanamke anayetuma picha kila Jumamosi hilo linaweza kumvunja moyo kabisa. Ungehitaji kulijua mapema na kuamua hutaliogopa.

Na kliniki, urudi. Kipimo kile huonyesha wastani wa sukari wa miezi miwili mitatu, na tangu Januari umekuwa ukijenga wastani mpya. Nikukumbushe kwamba ulianza safari hii kwa ajili ya 6.1, wala hukuwa na habari na Sh27,000. Mwaka 2002 yalichapishwa matokeo ya utafiti mkubwa wa Marekani wa watu zaidi ya 3,000 waliokuwa njiapanda kama wewe. Lengo walilopewa baadhi yao lilikuwa kupunguza asilimia 7 ya uzani na kutembea au kufanya mazoezi dakika 150 kwa wiki. Katika kundi hilo idadi ya waliopata kisukari ilikuwa ndogo kwa asilimia 58 ikilinganishwa na wale ambao hawakupewa mpango huo. Asilimia 7 ya kilo 88 ni kilo 6 na kidogo. Wewe umetoa tano. Kwenye kundi la WhatsApp uko nyuma sana, na kwenye jambo lililokukalisha kwenye steji matatu tatu zikipita, umebakisha kilo moja na kidogo. Ukiwa huko kliniki, taja pia kama unatumia sindano ya miezi mitatu ya kupanga uzazi, maana baadhi ya wanawake huongezeka wakiitumia, na uulize kama kuna haja ya kupima tezi ya shingoni.

Sasa turudi bafuni.

Uongo wa sinki unautazama kama aibu. Mimi nauona pia kama kipimo cha jinsi ulivyobanwa. Mwanamke anayeuza vitambaa, anayepima mita za watu siku nzima bila kupunja, ameegemea sinki kwa ajili ya namba. Kitu gani kingetokea, kwa maoni yako, kama ungetuma 83.4? Jibu hilo lichunguze. Kama ni wifi kucheka, basi tatizo lina jina. Kama ni wewe mwenyewe kutoiamini safari yako, basi ni jingine.

Kwa upande wa chama, sioni njia isiyo na mwiba. Unaweza kuwaambia wote kweli: utaumia siku chache, pengine wifi atalibeba neno hilo hadi ruracio, lakini hutalazimika kuegemea sinki kwa wiki tano zilizobaki. Unaweza kumwambia mmoja unayemwamini kwanza, akushike mkono. Unaweza kujitoa kimya na kuacha Sh3,000 zako humo, na itakuwa rahisi, ila picha mbili za uongo zitabaki zimekaa kati yako na wenzako wanane. Unaweza pia kuendelea na kutumaini ukweli utaifikia picha. Njia hiyo naielewa, na ndiyo inayonitia hofu kuliko zote, kwa sababu ndiyo itakayokupeleka kwenye ile karatasi ya vidonge. Na si ajabu wako wengine kati ya hao tisa wenye sinki zao. Mkikaa pamoja, pengine mngeweza hata kubadilisha masharti: kupima asilimia badala ya kilo, au kupima kila mwezi. Na wifi yako, anayekula mara moja na kumeza asichokijua, hebu mfikirie siku moja kama mtu anayeogopa kama wewe. Sijui kama ni hivyo. Unamjua kuliko mimi.

Binti ndiye asiyeweza kungoja hadi Aprili. Ana miaka 11. Huu ndio umri ambao mwili wa msichana unaongezeka kwa kawaida ili uvunje ungo, na anayeanza kujinyima chakula sasa anajiweka karibu na taabu ya muda mrefu na chakula. Usiku mmoja wa kukosa njaa si ugonjwa. Lakini umeuona, na uliuandika, na mama huwa haandiki jambo hivihivi. Huhitaji hotuba. Mnaweza kuwa mnaosha vyombo, ukamwambia: Mama alidanganya mizani kwa sababu aliona aibu, na haikuwa sawa. Mama anapunguza mwili kwa sababu daktari alimpima damu, yale yaliyompata Nyanya yasimpate. Wewe damu yako ni nzima na mwili wako unakua, kula ushibe. Halafu unyamaze, umwache aulize. Huenda akakuuliza kitu kigumu. Huenda asiulize siku hiyo. Mizani nayo inaweza kuhama bafuni ikae chini ya kitanda chako, na kama ni ya kupandwa, isiwe kila asubuhi. Ukiona siku zinapita na sahani yake inarudi nusu, au anajificha kula, mpeleke kwa daktari bila kusubiri.

Nimeona hukuniuliza kuhusu gauni, lakini mimi nitakuuliza wewe. Ukipata nafasi wiki hii, pita kwa yule fundi. Mwambie akupime kiuno upya na aandike namba kando ya ile ya Januari katika daftari lake, asiitaje kwa sauti mpaka amalize kuandika. Fundi hana chama wala zawadi ya kukupa, na tepu yake haijui uliyokula Ijumaa. Kisha niandikie tena, unitumie hizo namba mbili, na uniambie binti alikujibu nini.